Gia za Umeme: Simu Yasema Sawa, Mnyororo Wakataa

Wiki hii tuweke kando seva na hifadhidata. Nimefunga gia za umeme kwenye baiskeli yangu ya mbio, hapa hapa nyumbani Nairobi, na kuna jambo nimejifunza.

Kwa wale ambao hawajakutana na kitu hiki: baiskeli ya kawaida hubadilisha gia kwa waya wa chuma. Ukibonyeza kwenye usukani, waya unavutwa na kidude cha nyuma kinasukuma mnyororo hadi gia nyingine. Gia za umeme zina mota ndogo badala ya waya huo. Wazo si geni. Mavic ya Ufaransa ilijaribu miaka ya 1990, lakini haikufika mbali. Shimano ya Japani ikaleta Di2 mwaka 2009, nayo SRAM ya Marekani ikatoa mfumo usio na nyaya kabisa mwaka 2015. Mimi nilichukua Shimano 105 Di2, iliyotoka mwaka 2022.

Kazi yenyewe iko hivi. Betri huingia ndani ya nguzo ya kiti. Kutoka hapo nyaya mbili nyembamba hupita ndani ya fremu, mmoja hadi kidude cha mbele, mwingine hadi cha nyuma. Mikono ya usukani hutuma ishara kwa redio na hutumia vibetri vya mviringo kama vya saa. Kupitisha nyaya kulinila Jumamosi nzima. Kuunganisha na simu ni dakika chache tu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kusasisha famuwea. Mwaka 2024 watafiti wa Northeastern University na University of California San Diego walionyesha kwamba ishara za gia hizi zingeweza kunaswa na kurushwa tena, gia ikabadilika bila mwendeshaji kugusa kitu. Shimano ilitoa marekebisho mwaka huo huo. Ndiyo, sasa hata baiskeli inahitaji viraka vya usalama!

Basi simu ikasema kila kitu kiko sawa. Nikapanda. Gia kubwa za nyuma, zile za kupandia mlima, zikawa zinaruka na kupiga kelele. Nikarekebisha kwa programu, hatua moja moja, juu, chini. Wapi!

Nikampelekea fundi wa mtaa wetu, mzee ambaye hajawahi kushika gia za umeme. Aliinama nyuma ya baiskeli, akafumba jicho moja, kisha akaniuliza, "Kijana, hiyo simu yako imeona hapa?" Kile kipande cha alumini kinachoshikilia kidude cha nyuma kwenye fremu kilikuwa kimepinda kidogo. Akafunga gurudumu la baiskeli nyingine kwenye tundu lake, akalilinganisha na gurudumu langu juu, chini na pembeni, akalivuta polepole hadi yakawa sambamba. Gia zikanyamaza.

Sisi waandishi wa programu tukumbuke hili. Mota inajua imesogea kiasi gani. Haijui kama mahali iliposimama pamenyooka.

Je, ununue? Kubadilisha gia ni raha tupu, na Shimano husema chaji moja hufika takriban kilomita 1,000. Betri ikikaribia kwisha, gia za mbele huacha kufanya kazi kwanza, halafu za nyuma. Lakini waya ukikatika ukiwa Naivasha, duka la baiskeli litakuwa na mwingine. Mota ikifa huko, utarudi na gia moja. Kama baiskeli ndiyo inayokubebea maziwa au mkate wa kuuza, baki na waya. Mimi nitatumia za umeme, ila vifaa vyangu vya zamani nimevifungia kwenye boksi, vimepakwa mafuta, na sivitoi kwa mtu.