Gitaa Lenye Uvungu

Katika darasa letu la Kiswahili hapa Kampala tulifundishwa methali isemayo, "Debe tupu haliachi kuvuma." Mwalimu alieleza kwamba asiye na maarifa ndiye mwenye kelele nyingi. Nilicheka kimoyomoyo, kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nikichimba uvungu ndani ya gitaa.

Baba yangu hupiga gitaa la umeme kanisani. Gitaa lake ni la mvule mtupu, nalo lina uzito wa zaidi ya kilo 4. Tangu alipoanguka na bodaboda na kuumia bega, hakuweza kulivaa hata kwa nyimbo mbili. Alilitundika ukutani, akasema sasa ni zamu ya vijana. Nyumbani tulijua kwamba maneno hayo yalimuuma.

Nikaamua kumtengenezea mwili mwingine, mwepesi, kisha nihamishie shingo na vyuma vyake. Ubao ulikuwepo mmoja tu: kipande cha mvule alichoacha babu, kilicholala mvunguni mwa kitanda miaka mingi. Nikikiharibu, hakuna kingine.

Kwanza nilisoma. Gitaa la umeme halihitaji tumbo kubwa kama gitaa la kawaida. Sumaku zilizozungushiwa waya ndizo hunasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya. Kwa hiyo mbao nyingi za pembeni zinaweza kuondolewa. Mwaka 1958 kampuni ya Gibson ya Marekani ilitoa gitaa la ES-335, lenye gogo katikati na uvungu kila upande. Mwaka 1968 Fender ikatoa Telecaster Thinline, ambalo pia lilichimbwa ndani lipungue uzito.

Gogo la katikati haliguswi. Ndilo hubeba shingo na daraja, na nyuzi sita zikikazwa huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 45. Tena gogo hilo husaidia gitaa lisianze kulia lenyewe likiwa karibu na amplifaya. Hapo nikaikumbuka methali ya mwalimu.

Nilichora umbo kwenye boksi, nikaacha gogo la sentimita 10, kuta za milimita 12 na mgongo wa milimita 6. Kisha nikaenda Ndeeba, kwenye mbao na mafundi wengi, nikamwomba fundi mmoja nafasi kwenye meza yake. Nilitoboa matundu mengi kwa keekee, nikamalizia kwa patasi. Ili nisipite kina, nilifunga utepe kwenye ncha ya keekee. Siku ya pili utepe uliteleza, nami sikuangalia. Nilisikia mlio mwembamba, kisha nikaona mwanga ukipita kwenye ubao wa babu.

Nilikaa chini. Fundi alilichungulia tundu, akasema, "Kijana, mbao hazijui kusamehe, lakini zinakubali kiraka." Alinipa kipande cha mvule, nikakichonga mviringo, nikakipaka gundi na kukigonga polepole. Baada ya msasa kilikuwa laini, ila rangi yake ilionekana kuwa nyeusi zaidi.

Juu nilifunika kwa ubao mwembamba wa musizi, ambao ni mwepesi kuliko mvule. Nilibana kwa jiliwa usiku kucha. Mwili wa zamani ulikuwa na kilo 2.8, huu mpya ulikuwa na kilo 1.8. Kilo moja tu, lakini begani mwa baba kilo hiyo ilikuwa na maana.

Jumapili baba alisimama nalo tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Alipokaribia amplifaya lilianza kuvuma kidogo, akageuka upande, likanyamaza. Nyumbani alilipindua, akapitisha kidole kwenye kiraka.

"Hapa ulikosea," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Usikipake rangi. Nataka kukiona."

Mwalimu wangu hakukosea kuhusu debe. Lakini sasa, nikisikia methali hiyo, huwaza kwamba utupu nao hupimwa: kuna wa kuacha na wa kuchimba, na katikati lazima libaki gogo.