Tulikwenda Tumepakiwa, Tulirudi Tukiendesha

Siku ya mkutano wa juma lililopita wengi mliuliza tumepotelea wapi. Tulikuwa njiani. Tulitoka Kayna wanne, kila mmoja nyuma ya motari wake, kwenda Butembo kufanya mtihani wa permi ya pikipiki. Siku tatu baadaye tulirudi na pikipiki zilezile, ila safari hii wamotari ndio waliokuwa nyuma. Watoto wa Kirumba walipiga kelele mpaka tukaona haya.

Tuanze na jambo lililotusukuma, maana si mapenzi ya mwendo. Wengi wenu mlikuwepo msibani mwaka jana. Mwenzetu alikuwa anatoka soko la Kirumba na mtoto mgongoni, ameketi upande kama tulivyozoea, ncha ya kikwembe ikining'inia. Kikwembe kikaingia kwenye gurudumu la nyuma. Yeye alivunjika mguu. Mtoto aligonga kichwa, na hatukurudi naye nyumbani. Motari hakuwa amelewa, hakuwa anakimbia, na siku ya maziko alilia kuliko wengi wetu. Baada ya matanga tulimuuliza ni nani alimfundisha kuendesha. Akasema ni rafiki yake, mchana mmoja tu, na kesho yake akaanza kubeba watu.

Hilo ndilo lililotukosesha usingizi. Hapa kwetu pikipiki ni basi, ni gari la mizigo, na ni gari la wagonjwa. Tangu vita iliporudi Rutshuru mwaka 2022 na njia ya Goma ikakatika, wakimbizi wamepanda mpaka Kanyabayonga na Kayna, nyumba moja inalala jamaa tatu, na mama akishikwa na uchungu saa saba za usiku anatafutiwa pikipiki. Wamotari wengi hawatoki usiku, na hatuwalaumu. Lakini mama mzazi hasubiri kupambazuke.

Tukapeleka shauri kwenye AVEC yetu. Mjadala ulikuwa mkali. Mama mmoja alisema kisanduku cha msaada ni cha magonjwa na misiba, si cha kujifunza pikipiki. Mwingine akamjibu kwamba mwaka jana kisanduku hicho kimelipia mifupa iliyovunjika barabarani kuliko malaria. Tukahesabu kwenye daftari, ikawa kweli. Kisanduku kikatoa nusu, nusu tukajitafutia kwa kuuza maharagwe. Mume wa mwenzetu mmoja naye akauliza nani amempa mkewe ruhusa ya kuandikwa. Tulimkumbusha kwa upole kwamba sheria ya familia ya nchi yetu ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016, na mke hahitaji tena ruhusa ya mumewe ili afanye jambo la kisheria. Akanyamaza. Siku ya mtihani ndiye aliyetuletea chai ya thermos saa kumi na moja za alfajiri.

Mafundisho yalichukua majuma mawili, kwenye uwanja wa mpira wa shule, mwezi wa saba, wakati wa vumbi. Tulianza tisa. Mwalimu alikuwa papa mmoja wa makamo kutoka Butembo, mwenye sauti ndogo. Siku ya kwanza hatukuwasha mashini hata mara moja. Alilaza pikipiki chini akasema, "Mama, inyanyueni." Ina zaidi ya kilo mia moja. Tulivuta, tulisukuma, haikunyanyuka. Kisha akatuonyesha: geuza mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono mwingine, halafu simama kwa nguvu za miguu. Sisi tuliozoea kupandisha mlima na mzigo wa mihogo kwa kamba ya kichwa, tukacheka. Miguu tunayo. Tangu hapo hakuna aliyeogopa uzito wake.

Siku ya freni ndiyo iliyotufungua macho. Karibu sote tulikuwa tumesikia kwamba freni ya mbele inarusha mtu, kwa hiyo isiguswe. Mwalimu alichora mstari kwenye vumbi, akatuambia tufike hapo kwa mwendo mmoja kisha tusimamishe: mara ya kwanza kwa freni ya nyuma peke yake, mara ya pili kwa zote mbili, ya mbele ikibanwa polepole kama unavyokamua chungwa, si kama unavyoua mende. Tukapima kwa hatua. Kwa freni ya nyuma peke yake mmoja wetu alisimama baada ya hatua 19, na gurudumu likateleza. Kwa zote mbili, hatua 11. Ukifunga freni uzito mwingi unakwenda mbele, ndiyo maana gurudumu la mbele ndilo linaloshika ardhi. Ila kwenye tope au changarawe, na ukiwa umelaza pikipiki kwenye kona, ya mbele unaigusa kwa adabu sana. Hatua nane ni upana wa barabara yetu. Mtoto anayekimbilia mpira anazihitaji.

Akatufundisha pia hesabu ambayo hakuna motari wetu aliyewahi kuifanya. Ukienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde unapita mita 11. Kabla mkono haujafika kwenye freni, zile mita 11 zimeshakwenda. Na ukizidisha mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Tuliandika hayo kwenye kibao cha mkutano, yapo mpaka leo, msiyafute.

Somo la abiria lilituhusu kuliko yote, maana sote tutaendelea kuwa abiria. Panda kwa upande wa kushoto. Bomba la moshi liko kulia, na mkitazama ndama za miguu yetu ya kulia, robo ya kikundi ina alama ya kuungua. Usiketi upande. Vaa suruali ndani, kunja kikwembe, kifunge kiunoni, ncha zote ziwe ndani. Mtoto asiwekwe mbele juu ya tangi la esanse kama tunavyofanya tukiwa watatu au wanne. Hapo yeye ndiye anayegonga kwanza. Na kaske. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kaske iliyovaliwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Imevaliwa vizuri maana yake imefungwa kamba chini ya kidevu, si kuning'inizwa kwenye mkono ili polisi aione. Wengine wanasema inaharibu nywele zilizosukwa, inanuka, inaleta chawa. Ni kweli inanuka. Tumenunua vitambaa vyepesi vya kuvaa ndani, kila mtu na chake, tunafua Jumamosi.

Wanne kati ya tisa waliacha, mmoja kwa sababu ya mimba, na wa tano atafanya mtihani zamu ijayo. Ndiyo maana tulikwenda wanne.

Sasa safari. Njia hii tumeipita tangu utoto, na tuliijua kama mtu anavyomjua jirani wa mbali: mashamba ya kabeji, mikaratusi, baridi ya Alimbongo. Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: keti nyuma, nyamaza, tazama mikono na miguu ya motari. Baada ya Kirumba tukaanza kuona. Kwenye mteremko wa kwanza mrefu, wamotari watatu kati ya wanne walizima mashini. Kila mmoja anafanya hivyo ili kubana esanse, na sisi tulipenda ule ukimya, unasikia upepo na ndege. Lakini mashini iliyo kwenye vitesi ndiyo inayoizuia pikipiki isikimbie. Ukiizima au ukiiacha huru, kazi yote inabaki kwa freni, freni zinapata joto, na freni yenye joto kali haishiki. Mbele yako kuna chikudu iliyojaa mbao, nayo haina freni ila kipande cha mpira na kisigino cha kijana. Tulifika chini salama, kama siku zote. Mmoja wetu alimgusa motari begani akamwomba awashe. "Mama, umesoma juma mbili tu," akasema. Akawasha.

Kaseghe tulinunua mahindi ya kuchoma. Alimbongo kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu, na hapo tulielewa kwa nini mwalimu alisisitiza taa iwashwe hata mchana: lori tuliliona likiwa karibu tu, na lenyewe halikutuona kabisa. Kwenye barieri mbili tuliombwa franga. Mahali pamoja kijana mwenye silaha alicheka alipojua tunakwenda kutafuta permi. Alituuliza kwa nini mtu alipie karatasi ambayo hakuna anayeiomba. Hatukubishana naye.

Lubero tulikula sombe. Kati ya Lubero na Butembo njia inavuka ikweta, na motari mmoja, aliyesomea jiografia zamani, alipiga honi mara mbili kuashiria. Sijui kama alipatia mahali penyewe, lakini tulipiga makofi. Kutoka Musienene vumbi lilikuwa jekundu na magari yakawa mengi. Butembo tuliingia jioni, na huko pikipiki ni kama nzige. Zinapita kushoto kwako, kulia kwako, na moja ilibeba mbuzi wawili na kitanda.

Usiku ule mtu mmoja alitufuata tulipolala. Alisema anaweza kutupatia permi bila mtihani, asubuhi hiyohiyo, kwa bei ndogo kuliko ile tuliyobeba. Tutasema kweli: wawili kati yetu walitaka. Tulichoka, na mmoja alikuwa na hofu ya maswali ya Kifaransa. Tulibishana mpaka saa tano. Kilichomaliza ubishi ni mwenzetu aliyemtaja yule mtoto kwa jina. Hapo tukalala.

Mtihani wenyewe haukuwa mkubwa kama hofu yetu. Maswali ya alama za barabarani, ya nani apite kwanza penye njia panda (anayetoka kulia, isipokuwa alama imesema vingine), ya sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 ambayo bado ndiyo tunayoifuata. Mwenzetu anayefanya biashara Kasindi aliulizwa nini kinabadilika akivuka mpaka kwenda Mpondwe. Akajibu bila kusita kwamba sisi tunaendesha kulia na Uganda wanaendesha kushoto, na kwamba ameona watu wakisahau. Kisha tukazunguka namba nane kati ya vibao, tukasimama katikati ya mlima na kuondoka bila kurudi nyuma. Mmoja wetu aliangusha kibao, akarudia mchana, akafaulu. Tulipewa karatasi za muda za permi ya pikipiki, tukiambiwa kadi zitafuata.

Kurudi hatutaeleza sana. Mikono ilitetemeka mpaka Musienene, kisha ikazoea. Tulikwenda polepole, mstari mmoja, taa zimewaka. Wamotari wetu walikuwa nyuma wakishika vyuma kwa mikono miwili, na yule aliyemjibu mwenzetu kuhusu juma mbili alikuwa anasema "polepole, mama, polepole" kwenye kila kona, mtu ambaye siku mbili kabla alizipita kona hizohizo mashini imezimwa. Alimbongo aliomba tusimame apumzike. Sasa ameandika jina lake kwenye orodha ya zamu ijayo, pamoja na wengine watano wa kituo chake.

Tangu turudi, tumeitwa usiku mara mbili. Mara ya kwanza ni mama wa kutoka Rutshuru, mimba ya tatu, mvua nyepesi. Kabla ya kupanda alijaribu kuketi upande. Tulimsaidia kukunja kikwembe, tukamfunga kaske, mama mkwe wake akapanda nyuma ya mwenzetu wa pili. Tulikwenda kwa vitesi vya kwanza na vya pili tu mpaka hospitali. Mtoto ni wa kike.

Zamu ijayo ya mafundisho itaanza Jumatatu ya pili ya mwezi ujao, uwanja uleule, saa mbili asubuhi. Nafasi ni kumi, na sita zimeshachukuliwa na wamotari, kwa hiyo wamama msichelewe kumwona katibu. Njooni na viatu vya kufunga, suruali, na kitambaa chenu cha kichwa. Sandali hazitakubaliwa, mwalimu ameshawarudisha wawili nyumbani.