Njia ya Natron: Tairi, Springi na Shokapu Vinapopatana

Unataka kumjua mwenzi wako kiukweli? Achana na mishumaa mezani na muziki wa taratibu. Panda naye gari mpaka Mto wa Mbu, pale chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, iacheni lami inayopanda kwenda Ngorongoro, kisha pindeni kulia kuelekea Engaruka na Ziwa Natron. Mbele yenu kuna zaidi ya kilomita 100 za vumbi, mawe na makorongo. Mkifika kijiji cha Engare Sero jioni na bado mnaitana "mpenzi", basi ama ndoa yenu ni imara, ama gari lenu limefungwa vizuri. Siku hizi naamini mambo hayo mawili yana undugu.

Mume wangu na mimi tulipita njia hiyo Julai 2023 tukiwa na abiria wa heshima: mama mkwe. Mama alifundisha Jiografia shule ya msingi mpaka alipostaafu. Miaka nenda rudi alichora ubaoni Ol Doinyo Lengai, "Mlima wa Mungu" kwa Wamasai, wenye mita 2,962. Aliwaeleza watoto kwamba lava yake si kama ya volkano nyingine: ni nyeusi, nyepesi kama oili, na joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava ya kawaida hupita 1,000. Ikikaa hewani, inageuka nyeupe. Aliyafundisha yote hayo, lakini mlima wenyewe hakuwahi kuuona. Mwanawe alimwahidi kwamba atampeleka.

Tatizo lilikuwa mgongo. Daktari alimruhusu Mama kusafiri kwa masharti: apumzike njiani na asitikiswe sana. Sasa wewe niambie, utampitishaje mama mwenye mgongo mbovu kwenye barabara ya Natron bila kumtikisa?

Fungu moja, matakwa mawili

Gari letu ni Toyota Prado ile ya zamani, inayoitwa 90 na mafundi, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2002. Wengi mnaijua, maana vijana wengi wa mjini ndiyo "mkonga" wao wa kwanza. Springi zilikuwa zimelala, nyuma limekaa chini kama punda aliyebebeshwa mizigo. Na sisi tulikuwa na fungu moja tu la pesa, tuliloliweka kidogo kidogo kwa mwaka mzima.

Mume wangu alitaka matairi makubwa, 285/75R16. Alisema gari lipande juu, makorongo ya Engaruka yasiguse tumbo. Mimi nilitaka springi laini, Mama afike salama. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, na kama mjuavyo, hoja mbili na pochi moja havikai nyumba moja bila kelele. Siku tatu tulikuwa tunaongea kwa vifupi: "Umekula?" "Ndiyo." Basi.

Tukaenda gereji moja Arusha, mji ambao mafundi wake wamezoea kuyaandaa magari ya watalii kwa ajili ya mbuga. Fundi alitusikiliza wote wawili, akafuta mikono, akauliza swali ambalo hatukulitarajia: "Shemeji, mtabeba nini?"

Tukaanza kuhesabu. Watu watatu. Maji lita 40, hizo ni kilo 40. Dizeli ya akiba madumu mawili ya lita 20, kama kilo 34. Hema, jiko, godoro la Mama, sanduku la vyakula. Akaandika kwenye boksi la spea. Kisha akasema, "Springi inanunuliwa kwa uzito. Springi ya mzigo mzito ukiifunga kwenye gari tupu, itamrusha Mama kama mpira. Ya laini ukiijaza mizigo, gari litagonga chini kila shimo."

Kila kimoja na kazi yake

Nilichokipenda kwa fundi yule ni kwamba hakumpa ushindi mtu. Alituonyesha kwamba tulikuwa tunazungumzia vitu viwili tofauti.

Kwanza, tairi. Kwa nyuma, Prado ina ekseli nzima, na lile tufe la diferensho linaning'inia katikati yake. Ukiweka springi ndefu, bodi inapanda lakini diferensho inabaki palepale, kwa sababu ekseli imekaa kwenye magurudumu. Kinachoinua diferensho ni tairi peke yake. Hapo mume wangu alitabasamu, nikamwona.

Lakini hesabu ni hii. Tairi la asili la gari letu, 265/70R16, lina kimo cha milimita 777 hivi. Lile la 285/75R16 lina milimita 834. Tofauti ni 57, ila unachopata chini ya diferensho ni nusu yake tu, milimita 28, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hizo milimita 28, tairi lingekwaruza bodi ukikata kona. Spidomita nayo ingedanganya: ikisoma 80, wewe unatembea kama 86. Na injini ingesukuma magurudumu mazito zaidi, yaani dizeli zaidi. Fundi alipendekeza 265/75R16, lenye kimo cha milimita 804. Diferensho inapanda milimita 13, na spidomita ikisoma 80, mwendo halisi ni kama 83. Hapo unaishi nao.

Tena yawe matano, si manne. Prado yetu inazungusha magurudumu yote manne muda wote, na spea yenye kimo tofauti inailazimisha diferensho ya katikati kufanya kazi isiyo yake kila mzunguko.

Pili, springi. Hizi ndizo zinazobeba uzito na kuinua bodi. Alitushauri tuinue milimita 40 tu. Ukizidisha, mihimili inayozungusha magurudumu ya mbele inakaa kwa pembe kali na kuchakaa haraka, mipira ya breki inavutika, na uzito wote unahamia juu. Gari refu lililopandishwa ovyo linaringa mjini, lakini kwenye kona ya kokoto linaegemea kama mlevi.

Tatu, shokapu. Hapo fundi alikunja uso kabisa. Springi ikibonyezwa hurudi, na ikirudi hupitiliza, ikaenda tena, ikarudi tena. Shokapu ndiyo inayoiambia, "Inatosha." Ndani yake kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na ile nguvu ya kuruka-ruka inageuka kuwa joto. Ukiinua gari kwa springi mpya ukaacha shokapu za zamani, zinakuwa fupi: gurudumu likining'inia shimoni, shokapu ndiyo inayovutwa mpaka mwisho wake, na siku moja inang'oka. Na hata urefu ukitosha, nguvu yake lazima ilingane na springi. Shokapu dhaifu kwenye springi ngumu, gari linadunda. Shokapu ngumu mno kwenye springi laini, kila jiwe linaingia mgongoni.

Kwa hiyo fungu letu likagawanywa mara tatu. Matairi matano ya wastani, springi nne za uzito wa kati, shokapu nne za gesi zilizoendana na springi hizo. Mwisho magurudumu yakapimwa upya ili usukani usivute upande. Mume wangu hakupata matairi ya ndoto yake, na mimi sikupata gari laini kama sofa. Tulitoka gereji tunaongea sentensi nzima nzima.

Barabara iliyojikunja kama bati

Kutoka Arusha mpaka Mto wa Mbu ni lami, ndizi nyekundu na kahawa ya njiani. Ukishapinda tu, ukuta wa Bonde la Ufa unakaa kushoto kwako, na kulia nyika inafunguka mpaka macho yachoke. Ng'ombe wanapita na vumbi lao. Engaruka, kabla hujafika katikati ya safari, kuna magofu ya mifereji na matuta ya mawe ya wakulima wa zamani walioiacha sehemu hiyo karne ya 18 hivi. Tulimpumzisha Mama hapo chini ya mgunga, akatufundisha somo zima huku amekaa kwenye ndoo.

Tatizo kubwa la njia hii si mawe. Ni ile sehemu ambayo barabara imejikunja kama bati la nyumba. Mwaka 2007 wanafizikia walichapisha majaribio yao na gurudumu lililozungushwa juu ya mchanga: mwendo ukipita kiwango fulani, mawimbi yanajitengeneza yenyewe, hata gurudumu likiwa halina springi. Kwa hiyo tusimlaumu greda peke yake. Sisi wote tunaopita kasi ndio tunaoikunja barabara.

Kwenye bati hilo ndipo utakapojua kama vitu vyako vinapatana. Tulisimama, tukapunguza upepo wa matairi kutoka 32 hadi 24, ili mpira wenyewe umeze vile vijituta vidogo. Springi zikachukua vikubwa. Shokapu zikazuia gari lisidunde. Tulikwenda pole, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linachemka. Mama alikuwa kiti cha mbele, mto mgongoni. Kila baada ya nusu saa mume wangu alimuuliza, "Mama, vipi?" Naye, "Endesha, mwanangu. Usiniulize kama dereva wa daladala."

Wenzetu wa korongoni

Mbele ya Engaruka kuna makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua kwenye majivu ya volkano. Kwenye korongo mojawapo tulikuta gari limesimama, boneti wazi, vijana wawili, mume na mke, kila mmoja amekaa upande wake. Gari lilikuwa zuri, limepanda juu, matairi kama ya trekta. Ila shokapu zilikuwa zile lilizotoka nazo kiwandani. Moja ya nyuma ilikuwa imeng'oka kwenye kishikio chake, nyingine inavuja oili. Ndani ya tao la bodi, tairi lilikuwa limekwaruza mpaka rangi imetoka.

Mume wangu aliingia chini na yule kaka, wakaifungua ile iliyong'oka isiendelee kupigapiga. Yule dada alikuja kukaa nami. "Dada, tangu Mto wa Mbu hatujasemeshana," aliniambia. "Nilimwambia gari linayumba. Akasema mimi siyajui magari." Alinyamaza kidogo. "Siyajui kweli. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekaa ndani."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani. Wangapi kati yetu hupuuza taarifa kwa sababu tu aliyeileta hajui kuitaja kifundi? Mwenzako akisema "linadunda", hajakosoa uanaume wako. Amekupa ripoti ya shokapu.

Tulikwenda pamoja polepole, sisi mbele, wao nyuma. Na kabla jua halijazama, Lengai ikasimama mbele yetu, imenyooka kama ilivyochorwa ubaoni, kilele kimepauka. Mama aliomba tusimame. Alishuka mwenyewe, bila kushikwa mkono. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilikuwa naichora nene mno." Akacheka mpaka machozi.

Kesho yake tulitembea naye taratibu karibu na ziwa, lenye maji ya magadi makali yanayounguza ngozi, na ambako ndiko flamingo wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana. Siku ya kurudi, katikati ya lile bati, nilisikia kama mtu anakoroma. Mama alikuwa amelala. Mume wangu alinitazama kwenye kioo, akanikonyeza. Hatukusema kitu, tusije tukamwamsha.

Kabla hamjaondoka

Kama na nyinyi mnaitamani njia hii, nendeni kiangazi, kwa kuwa mvua ikinyesha makorongo hujaa. Bebeni maji mengi na dizeli ya kwenda na kurudi, pamoja na pampu ndogo ya kujazia upepo mkirudi kwenye lami. Kabla ya kununua chochote, hesabuni uzito wa watu na mizigo, halafu mchague tairi, springi na shokapu siku moja, kwa fundi mmoja. Kama pesa haitoshi kwa vyote vitatu, acheni gari kwenye kimo chake cha asili na mbadilishe vilivyochakaa.

Na jaribio hili ni la bure: bonyezeni kona moja ya gari kwa nguvu zote mbili, wewe na mwenzako, kisha muachie. Likipanda na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kucheza, msianze safari.

Safari njema!