Fundi na Mwanafunzi

Kaka yangu mkubwa, ambaye sote nyumbani tunamwita yaya, ni fundi wa kompyuta katika Katuba, hapa Lubumbashi. Ana Diploma ya Serikali tu. Baba alipofariki, aliacha chuo katika mwaka wa kwanza, akaanza kutengeneza simu, kisha kompyuta, kisha kuunganisha mitandao ya maduka. Minerval yangu ya miaka yote hii imetoka katika bisibisi yake.

Mwaka jana kampuni moja, ambayo mashine zake alizitengeneza kwa kibarua, ilitafuta mtu wa kuajiri kwa kudumu. Kazi ni ileile. Barua yake haikusomwa, kwa kuwa tangazo lilidai miaka 5 ya chuo kikuu. Kijana aliyeajiriwa alimpigia yaya simu wiki ya kwanza, akiomba aonyeshwe waya zinavyopita. Simcheki. Alijifunza programu kwa chaki ubaoni, umeme ukiwa umekatika.

Sisi wa isimu tunalijua jambo hili. Nkambo wetu anasema Kiluba bila kosa: kutoka muntu hadi bantu, kutoka kintu hadi bintu, viambishi vyote vinafuata. Neno ngeli hajawahi kulisikia. Je, hajui Kiluba? Anakijua kuliko maprofesa wengi. Lakini mpe lugha asiyoijua, hatakuwa na pa kuanzia. Mimi nitakuwa napo, kwa sababu nilifundishwa namna ya kutafuta.

Yaya naye ana mpaka wake. Kwa miaka aliandika 255.255.255.0 katika kila mashine kama sala iliyokaririwa. Ni yule kijana aliyemweleza kwamba nambari hiyo inatenga sehemu ya anwani inayotaja mtandao na sehemu inayotaja mashine. Tangu siku hiyo yaya anapanga mitandao ambayo zamani aliikataa.

Basi kila mmoja alikuwa na nusu ya kazi, ila mshahara ulikwenda kwa nusu yenye muhuri. Hapo ndipo ninapolalamika. Lugha yetu haikuwatenga hivyo: fundi na mwanafunzi ni watoto wa mzizi mmoja, -fund-. Anayejua kwa mkono na anayejifunza kwa daftari walianza nyumba moja.

Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2002, mfanyakazi anaweza kuonyesha mbele ya wasahihishaji yale aliyoyajua kazini, akapewa diplome. Chuo chetu kingeweza kufungua mlango kama huo. Na ninyi wenzangu, ambao kesho mtaketi mkichambua barua za maombi, msianze na karatasi. Wekeni mashine mbovu mezani, mwite wote wawili, kisha muulize maswali mawili: itengeneze, halafu utueleze kwa nini imepona.