Herufi Si za Mwenye Ndege

Mwaka huu nimefunga karakana yangu ya kuandika herufi, Ganjoni. Mashine ya kukata vinili iliyo duka la pili hutoa kwa muda mfupi kazi iliyokuwa ikinishika kutwa nzima, na wateja wamefuata wepesi. Sina ugomvi na mashine. Nina neno na vijana wanaoiendesha, maana wengi wao hawajaambiwa herufi huandikwa kwa ajili ya nani. Mimi niliambiwa na fundi wangu, naye ametangulia mbele ya haki. Kulisema kumebaki juu yangu.

Nilizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Katika chuo cha Kurani nilishika kalamu ya mwanzi, shuleni nikawa ndiye wa kuandika mabango ya michezo, na nilipomaliza masomo mjomba alinishika mkono akanivusha mji hadi Ganjoni, kwa fundi aliyekuwa akiandika majina ya meli Kilindini. Mengine ya utotoni hayana tofauti na ya watoto wenzangu.

Kwa Fundi, maana hakuna aliyemwita kwa jina, mwanafunzi hakugusa brashi mapema. Tulipiga msasa, tukavuta uzi wa chaki, tukaosha brashi kwa tapentaini. Siku moja alituchukua Mbaraki, akatuonyesha ubavuni mwa meli duara lililokatwa na mstari katikati. Akatueleza kwamba mstari ule ulipiganiwa. Mbunge wa Uingereza, Samuel Plimsoll, aliwashupalia wenye meli waliokuwa wakipakia kupita kiasi na kuwazamisha mabaharia, mpaka bunge likapitisha sheria mwaka 1876. Lakini sheria hiyo ilimwachia mwenye meli achague mwenyewe mahali pa kuuchora mstari! Ilibidi kungoja sheria nyingine ya mwaka 1890 ndipo mahali pake pakawekwa kwa kipimo kisichotegemea matakwa yake.

“Mwenye meli anajua alichopakia,” Fundi alituambia. “Mstari huu ni wa baharia. Ukiuweka asipouona, hukuuandika.” Nimefanya kazi maisha yangu yote chini ya maneno hayo.

Kazi ya ndege ilitujia kupitia karakana moja uwanjani Port Reitz, ambao watu wa leo wanaujua kama uwanja wa Moi. Huko nilikutana na herufi zenye sheria ya dunia nzima. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaitaka kila ndege ivukayo mipaka ibebe alama ya taifa na ya usajili wake. Alama yetu ni 5Y. Ya Tanzania ni 5H, na ya Uganda 5X. Wakati wa ukoloni Kenya iliandika VP-K, na ndiyo iliyokuwa kwenye VP-KCC, ndege ambayo rubani Beryl Markham aliivukisha Atlantiki mwaka 1936.

Vipimo vimo katika Kiambatisho cha 7 cha mkataba huo, nami navijua kwa moyo. Ubavuni na mkiani herufi isipungue sentimita 30 kwenda juu. Chini ya bawa la kushoto isipungue 50. Upana wake ni theluthi mbili za kimo, na unene wa mstari ni sehemu moja ya sita. Nafasi kati ya herufi na herufi isiwe chini ya robo ya upana. Kistari nacho kina urefu sawa na upana wa herufi. Kwa herufi ya sentimita 30, basi, upana ni 20, mstari ni 5 na nafasi ni 5. Alama nzima ya 5Y, kistari na herufi tatu hudai sentimita 145 za bati. Mapambo hayaruhusiwi, na rangi lazima ipingane na rangi ya ndege.

Herufi iliyonigombanisha na Fundi ni M. Ina miguu miwili yenye sentimita 5 kila mmoja, kwa hiyo katikati zinabaki 10 tu, na humo mistari miwili ya mshazari ikutane. Fundi alitaka ncha iteremke hadi mstari wa chini, kwa hoja kwamba M ya namna hiyo haifanani na herufi nyingine yoyote. Mimi nilisema ncha ikishuka chini mno rangi inajaa, nafasi nyeupe zinakuwa nyembamba, na ukisimama mbali unaona donge. Nilitaka ikomee chini kidogo ya nusu. Yeye akajibu kwamba M ya nusu, jua la saa saba likipiga, husomeka H. Tulipima kwa macho kutoka ng’ambo ya uwanja, tena na tena, asubuhi na jioni, kila mmoja akaondoka na imani yake. Mpaka leo nashikilia yangu. Heshima yangu kwake haikupungua kwa hilo, kwa sababu sote wawili tulikuwa tukimtetea mtu mmoja: aliye mbali, anayeitafuta ndege kwa macho.

Kisha zikaja ndege zilizojengwa na wenyewe. Marekani jambo hili ni la zamani. Chama cha wajenzi hao, EAA, kiliundwa na Paul Poberezny mwaka 1953. Sheria yao inamruhusu mtu ajenge, hata kwa vipande vilivyonunuliwa, mradi sehemu kubwa ya kazi iwe ya mikono yake, kwa elimu au burudani yake. Lakini kuna masharti ya maandishi. Karibu na kila mlango wa kuingilia liandikwe neno linalotangaza kwamba ndege ni ya majaribio, kwa herufi zisizopungua inchi 2 wala kuzidi 6. Ndani abiria akute onyo kwamba ndege imejengwa na mjenzi wa ridhaa na haifikii kanuni za usalama za ndege za kawaida. Bamba lisiloungua moto lionyeshe jina la mjenzi, aina na namba. Na mjenzi ni yule aliyeunga, si kampuni iliyomuuzia vipande.

Bwana mmoja wa pwani ya kaskazini alileta ndege ya namna hiyo, ikiwa bado na usajili wa Marekani. Alitaka neno lile lijifiche nyuma ya fremu ya mlango, kijivu juu ya kijivu, lisimharibie sura. Kwenye swichi na valvu ya mafuta hakutaka hata herufi moja. “Nimeijenga mwenyewe,” alisema, “kila kitu nakijua.” Nikamjibu, “Bwana, sikuandikii wewe. Namwandikia atakayeketi kando yako, na atakayeinunua baada yako.” Alikasirika, akachukua ndege yake kwa mwingine aliyemfanyia alivyotaka. Nilirudi Ganjoni mikono mitupu. Fundi aliponisikiliza alinilipa ujira wa siku ile kutoka mfukoni mwake.

Miaka michache baadaye, Oktoba 1997, mwimbaji John Denver alianguka na kufa katika ghuba ya Monterey, California, akirusha ndege aina ya Long-EZ. Ilikuwa imejengwa na mtu mwingine, naye alikuwa ameinunua karibuni. Katika michoro ya msanifu wake, Burt Rutan, valvu ya kuchagua tangi la mafuta iko mbele, kati ya miguu ya rubani. Mjenzi aliihamishia nyuma ya bega la kushoto, mahali pagumu kufikia, wala hakuiandika. Vipimo vya mafuta navyo havikuwa na alama. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani ilipotoa uamuzi wake mwaka 1999, iliyataja hayo yote miongoni mwa mambo yaliyochangia. Mjenzi aliijua valvu yake, bila shaka. Aliyekufa alikuwa mnunuzi.

Hapa ndipo ninapowataka vijana wanisikilize. Hapa kwetu hawatakosekana wa kujenga. Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege kwa mikono yake na nchi nzima ikamtazama. Watakuja wengine, na watawajia ninyi wenye mashine za vinili, wakitaka mitindo yenye kivuli na ndimi za moto. Wapeni mitindo hiyo mahali pengine pa ndege. Alama ya usajili ifuateni kwa kipimo. Jina la kila wenzo likae kwenye wenzo wenyewe, lichongwe kwenye bamba, kwa sababu stika hubanduka kwa joto na mafuta. Neno la onyo lianze mlangoni, pale mguu unapoinuka, abiria angali na nafasi ya kukataa.

Na kabla ya kupokea pesa, mwiteni mtu asiyeijua ndege hiyo. Mketisheni kitini, mwambieni afunge mafuta. Akisitasita, kazi haijaisha.