Mama, umekwenda haja ndogo mara ngapi?

Msimu wa kuokota korosho Kitangari huangukia kiangazi, wakati matangi ya maji ya mvua yamekwisha na kila ndoo ina bei yake. Katika nyumba moja, bibi wa miaka 70 na ushei alijiwekea kikombe kimoja tu asubuhi. Yaliyobaki, alisema, ni ya wajukuu.

Alipoharisha siku mbili, alizidi kujibana asiende chooni mara kwa mara. Magoti yalipomuuma, akatuma vidonge vya diklofenaki dukani, huku akiendelea na dawa zake za presha.

Siku ya tatu alishinda amelala na kuchanganya majina ya wajukuu. Nyumbani wakasema ni uzee. Binti yake, aliyefika kutoka Masasi, akauliza jambo jingine.

"Mama, tangu jana umekwenda haja ndogo mara ngapi?"

"Sijaenda, mwanangu. Maji yenyewe nimekunywa wapi?"

Hawakungoja kuche. Hospitalini kipimo cha damu kilionyesha figo zimeshindwa kufanya kazi ghafla. Aliwekewa dripu, diklofenaki ikakatazwa, na daktari akasimamisha kwa muda baadhi ya dawa za presha. Siku chache baadaye mkojo ulirudi. Hakuhitaji mashine ya kusafisha damu.

Mwili ukikauka, damu inayofika kwenye figo hupungua. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza upungufu huo. Mzee huumia upesi kwa kuwa figo zake zimeshapungua nguvu, na kiu haimjii kama kijana. Habari njema ni kwamba figo zilizoshindwa ghafla mara nyingi hupona, mgonjwa akiwahishwa.

Kwa hiyo mzee akiharisha au kutapika, mpe maji yenye ORS kidogo kidogo, na usimpe dawa ya maumivu bila kumuuliza mhudumu wa afya. Mkojo ukipungua sana au kukatika, miguu ikivimba, au akianza kuchanganyikiwa, mpeleke siku hiyo hiyo pamoja na dawa zake zote. Mwenye ugonjwa wa moyo au uvimbe asilazimishwe maji mengi. Daktari ndiye atakayempimia.

Sasa bibi ana jagi lake mwenyewe. Mjukuu wa darasa la pili ndiye mwenye kazi ya kuangalia, kila jioni, limepungua kiasi gani.