Nilisema Mtoto Amefungwa

Nilikosea kwa neno moja. Nilimwambia mama mmoja hapa mtaani kwetu Rughenda kwamba mwanawe mwenye usonji amefungwa ndani ya nafsi yake, na kwamba tukipata ufunguo atatoka.

Neno hilo nililitoa kwenye kitabu cha Bruno Bettelheim cha mwaka 1967, ambacho nilikisoma kwa Kifaransa. Jina lake maana yake ni ngome tupu. Hata neno otizimu, yaani usonji, aliloliandika Eugen Bleuler mwaka 1911, limetokana na Kigiriki cha "mwenyewe", na kwa miaka mingi wataalamu waliwatazama watu hawa kama waliojifungia. Bettelheim akafika hadi kuwalaumu akina mama kwa ubaridi wao, ingawa Bernard Rimland alikuwa amelipinga wazo hilo tangu 1964. Lawama niliiacha. Ufunguo niliuchukua.

Sikukisikiliza Kiswahili changu. Kwetu, ukisema mtu amefungwa, watu huuliza nani kamfunga. Mama akampeleka chumba cha maombi. Mtoto wa miaka sita akafungishwa bila kula siku tatu.

Waliporudi nilikwenda kuwaona. "Mwalimu, watu wa maombi wameona kama wewe," mama akaniambia, bila hasira hata kidogo. "Amefungwa kweli."

Mtoto alikuwa barazani, amekonda, anapanga vizibo vya soda kando ya ukuta, vyekundu peke yake. Ghafla akaviacha, akaushika mkono wa mama yake, akauinua juu. Sisi hatukusikia kitu. Punde ndege ndogo ikatokea, inashuka uwanjani Rughenda.

"Kila siku ananiambia hivyo," mama akasema.

Ananiambia. Nilikuwa nimeuona mkono ule ukivutwa mara nyingi, na kila mara nilihesabu kwamba mtoto hajasema kitu. Damian Milton, msomi ambaye yeye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili. Upande wangu sikuwahi kuupima.

Mwaka ule mtoto hakusoma. Hadi leo akisikia watu wakiimba pamoja, huziba masikio na kukimbia.

Nilimwambia mama kwamba nilikosea, kwamba hakuna aliyemfunga mwanawe. Akakaa kimya, kisha akauliza: "Sasa majirani wakiniuliza, niseme nini?" Nikaanza kumweleza usonji. Akanikatiza.

"Nitawaambia anasema kwa mkono wangu."